Hoja Niliyomshinda Nayo Kaka Yangu

Siku moja naikumbuka kuliko Idi zote nilizosali, mwanangu, na sijapata kumsimulia mtu. Ningekufa nayo, lakini jana nilikusikia barazani ukimbana mwenzako Hamisi kwa hoja zako za kuwepo kwa Mungu. Ulimbana mpaka akanyamaza, nawe ukacheka. Nikajiona mwenyewe nilivyokuwa, na sikupenda nilichokiona. Basi kaa hapa, na hicho kitabu kiweke pembeni kwanza.

Nilikuwa kijana wa chuoni hapahapa Mtunda, mwaka ule wa Vita vya Maji Maji. Nimeshahitimu Kurani, nimeanza kusomeshwa tauhidi, elimu ya kumjua Mungu mmoja, kichwa kimevimba. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kila kilichotengenezwa kina aliyekitengeneza, na ulimwengu umetengenezwa, kwa hiyo yupo aliyeutengeneza. Hoja nzuri ile, hata leo naiona nzuri. Nilitembea nayo kijijini kama mtu mwenye kofia mpya.

Kaka yangu Shabani hakusoma. Baba alitufia mapema, yeye akashika shoka akawa fundi wa mitumbwi ili mimi nisome. Mwaka ule Wajerumani walimtandika viboko mbele ya watu, eti amechelewa kwenda kupalilia shamba lao la pamba. Watu walipoanza kuvuka mto kufuata dawa, yale maji yaliyosemwa kwamba hugeuza risasi kuwa maji, naye akasema atakwenda.

Nilimwendea nikijua nitamshinda. Nikamwambia, wanasema dawa inafanya kazi kwa kuwa waliokunywa wote ni wazima, lakini hao hakuna hata mmoja aliyekwisha kupigwa risasi. Hapo, mwanangu, haki ilikuwa yangu. Laiti ningeishia hapo! Nikaendelea, nikamwambia amtegemee Mungu, na ili ajue kwamba Mungu yupo nikamwonyesha mtumbwi aliokuwa akiuchonga. Huu haukujichonga, nikasema, basi na wewe hukujichonga.

Akaliweka shoka chini.

"Mwaka juzi nilichonga mtumbwi nikawauzia watu wa Kiongoroni," akasema. "Mimi ndiye fundi wake. Sijui kama umeoza au umezama, na wala siulizi. Sasa, mdogo wangu, umenionyesha kwamba ninaye fundi. Nionyeshe kama huwa ananiulizia hali."

Hoja yangu ilikuwa imekwisha, na mimi nikaona aibu kukiri kwamba imekwisha. Nikapandwa na hasira, nikamwita kafiri. Nikaapa kwamba sitaitikia wito wake mpaka atubu.

Uelewe uzito wa kiapo hicho. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba kule bondeni, na kila mtu alihamia shambani kwake kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kufukuza nguruwe na nyani. Jua likielekea kuzama, jirani humwita jirani yake kwa jina, na anayeitwa huitika. Asipoitika watu hushika mikuki, maana bonde lile lilikuwa na simba.

Jioni ile Shabani aliniita kutoka dungu lake la jirani. Nilimsikia vizuri sana. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu sauti ikamkatika, nami nimekaa zangu juu, nadhani ninafanya ibada. Punde nikaona mahindi yanatikisika, kaka akatokea mbio, mkuki mkononi, tope mpaka magotini. Akainua uso akaniona mzima wa afya.

"Kumbe upo," akasema.

Akageuka akaenda zake. Asubuhi alikuwa ameshavuka mto na wenzake kuelekea Umatumbi kwenye dawa, na hakurudi. Hatukuletewa hata habari ya mahali alipoangukia. Msimu wote uliobaki nililala dunguni, na kila jioni majirani wakiitana pande zote, mimi sina wa kuniita. Upweke ule haujanitoka. Nimeoa, nimezaa, nimezika, na bado jua likishuka huwa naketi nimetega sikio, mzee mpumbavu mimi.

Mwishowe nilimwendea mwalimu na swali moja lililokuwa likinila: je, kaka yangu alikufa kafiri? Nikamweleza yote, bila kujipendelea.

"Hoja niliyokufundisha inasema kwamba yupo," akasema. "Zaidi ya hapo haikukuahidi kitu. Shabani aliuliza la mbele ya hapo, na wewe ukamtukana. Kisha akakuita mara tatu asisikie chochote. Alisema kwamba hupo?"

Nikajibu kwamba hapana, alikuja kunitafuta.

"Basi usiniulize tena imani ya Shabani," akasema. "Kaulize yako."

Nililia mbele yake bila kuona haya.

Mwanangu, sikwambii uache kusoma hoja. Zisome, zipime, na iliyo mbovu iseme kuwa ni mbovu hata kama inakufaa. Lakini ujue kila moja inaishia wapi, na ukiulizwa la mbele yake, sema hujui. Ukishasema hujui, usiondoke. Ungemtazama Hamisi usoni jana ungeona hakuwa akibishana nawe. Mwezi uliopita tumemzika mama yake, na wewe ulikuwepo, ulishika jeneza. Yeye alikuwa anauliza kama kuna anayemjali, nawe ukamjibu kwa mtumbwi na fundi.

Inuka uende kwake sasa hivi, kitabu kiache hapa. Usipojua la kusema, kaa naye tu. Mungu akulainishie ulimi, akukutanishe naye kabla hajaenda zake, na asikupe jioni kama zangu.