Nguzo za Kamba za Tarsem

Kule kiwanda cha magari cha Longbridge, Waingereza walimwandika Tarsem "kibarua asiye na ujuzi", na neno hilo lilinichoma mimi kuliko yeye. Mwashi aliyejenga nyumba Mombasa miaka ishirini! Mimi, Nyokabi, mwanafunzi wa unesi, nilikuwa mpangaji wake mtaa wa Sparkbrook mwaka wa 1971, na Kiswahili ndicho kilichotufanya jamaa.

Jikoni alibandika picha aliyopewa na Mgoa mmoja huko Mombasa: kanisa la Setúbal, Ureno, lenye nguzo za mawe zilizosokotwa kama kamba.

"Ilijengwa na Boitaca," aliniambia. "Karibu miaka mia tano, bado imesimama. Huyo ndio fundi, sista."

Basi akatengeneza nguzo mbili kama zile, za saruji na nondo, akazisimamisha kila upande wa mlango wa mbele. Mtaa mzima nyumba zimefanana kama sare za shule, halafu hizo! Nilicheka sana siku ya kwanza. Ya pili nikazipenda.

Ikaja barua kutoka ofisi ya majengo. Nilimsomea: mapambo yote yasiyobeba jengo yabomolewe ndani ya siku ishirini na nane.

"Pambo?" akauliza. "Wameandika pambo?"

"Decoration, fundi. Ati ni za urembo tu."

Alitoka nje akaitazama boriti ya juu ya mlango, ambayo ilikuwa imeoza tangu nihamie. Jumamosi mbili nyumba nzima ilikula vumbi. Aliutegemeza ukuta kwa magogo, akaing'oa boriti, akaweka mpya ya saruji, akaikalisha juu ya nguzo zake za kamba. Kisha akaondoa magogo.

Siku ya ishirini na tisa afisa akafika, karatasi mkononi, hata salamu hakutoa. Alisema nguzo zivunjwe leo hii. Nikatafsiri.

Tarsem akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mwambie aanze," akasema. "Lakini wewe toka hapo mlangoni kwanza, sista. Nyumba iko juu ya hii."

Afisa akatazama juu. Akagonga nguzo kwa kidole, akagonga tena, akairudisha nyundo. Kwenye karatasi yake akakata neno "mapambo", kisha akauliza kwa sauti ndogo msanifu wa kazi hii ni nani.

"Boitaca," akasema Tarsem.

Afisa akaniomba nimtajie herufi za jina hilo. Nikamtajia moja moja, polepole, asije akakosea.