Printa ya Kikima na Simu ya Kanini

“Mama Kanini, siku mashine hii itakapokataa na mtoto yuko Qatar, utamwita nani?”

Jirani yake Wangui, anayeuza mboga, alimuuliza Syombua Nthiwa hivyo mwaka ule bintiye Kanini aliposafiri. Syombua alicheka. “Nitamwita huyo huyo,” akajibu.

Asubuhi hii mashine imekataa. Sebuleni kwake mjini Kikima, Syombua anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Kompyuta inasema imetuma kazi. Printa imewaka taa, lakini kimya.

Kwenye kiti cha mlangoni ameketi Munyao Kiilu, kofia magotini. Anangojea programu za mazishi ya mkewe, karatasi zenye ratiba na nyimbo. Gari la kwenda mochari linaondoka saa nne.

“Usiniambie nimzike Mbithe bila karatasi,” anasema. “Watu wataimba ubeti mmoja wakae chini. Mbithe hakuwa mtu wa kuruka ubeti.”

“Tulia, Baba Nzuki,” Syombua anamwambia. “Mungu hachelewi.”

Syombua, mwenye miaka hamsini na minne, aliachia shule darasa la saba. Hujipatia riziki kwa kuchapisha programu za mazishi, kadi za harusi na nyimbo za kwaya. Kompyuta aliachiwa na Kanini, bintiye wa pekee, anayefanya kazi hotelini ng’ambo. Ni mwaka wa nne sasa, hajarudi.

“Nikimpigia kumsalimia tu, ananiambia, ‘Mwaitu, mama yangu, niko kazini.’ Lakini nikisema printa imekataa, anatafuta nafasi,” anasimulia mama huyu. “Tunaongea mpaka nasikia vyombo vikigongana huko jikoni kwao.”

Leo amepiga mara mbili. Kanini hajashika.

Anainama nyuma ya kompyuta. Jana jioni radi ilinguruma, naye, kama watu wengi wa huku milimani, akachomoa nyaya zote. Kulipokucha, tundu la zamani la kompyuta likiwa limelegea, alichomeka waya wa printa kwenye tundu jingine.

“Kumbe!”

Kila tundu, ambalo mafundi huliita poti, lina jina lake ndani ya kompyuta. Kazi bado inapelekwa kwa poti ya jana.

“Ni kama kubisha hodi kwa nyumba watu walishahama,” anaeleza.

Anafuta kazi zilizokwama, anafungua mipangilio ya printa, anachagua poti nyingine. Kimya. Anachagua inayofuata. Printa inakohoa, kisha inavuta karatasi.

“Bwana asifiwe!” Munyao anasimama. “Umekuwa fundi, Mama Kanini. Sasa hata hutamsumbua mtoto tena.”

Syombua anapanga karatasi zinapotoka, picha ya Mbithe ikiwa juu.

Ombi lake ni moja: Kanini arudi Desemba, wakodi chumba pale sokoni. “Tuweke mashine mbili. Tukikosana, tukosane tukiwa tunaonana.”

Karatasi ya mwisho inatoka. Simu inalia.

“Mwaitu, ulinipigia? Ni printa tena?”

Syombua anazitazama zile programu, bado zina joto. Anaketi polepole.

“Ni printa, mwanangu. Hebu nieleze tena vile hufanywa. Usiharakishe.”

Munyao anakusanya programu zake, anavaa kofia na kutoka, akiuvuta mlango taratibu nyuma yake.