Mzee Aliyehesabiwa Mara Tatu

Sina tabia ya kuaibisha watu. Yule mhadhiri nilimwaibisha kwa makusudi, na hadi leo sijajuta.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mkalimani wa kikundi cha utafiti kutoka chuo kikuu: yeye na wanafunzi wake watatu. Tulizunguka Kakuma tukiwauliza wafugaji wanavyohama wakati wa ukame. Mhadhiri aliniahidi kwamba makala itakaposomwa kwenye mkutano wa wataalamu wa sayansi ya jamii, Lodwar, jina langu litafuata lake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu. Nikiwa na makala ile mkononi, chuo kingenifungulia mlango.

Kazi ya kupiga chapa pia ilikuwa yangu, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Kwetu mwanamume ana jina alilozaliwa nalo, ana jina la maksai anayempenda na kumwimbia, na watu wa rika lake wana lao la kumwita. Wanafunzi, wakijitegemea kwa Kiswahili cha kuokoteza, walikuwa wamemhoji mzee mmoja yule yule: wa kwanza kisimani, wa pili dukani, wa tatu nyumbani kwake. Kila anayehojiwa alipewa tumbaku, kwa hiyo mzee hakuona sababu ya kukataa. Kwenye jedwali, kwa majina yake matatu, akawa wazee watatu.

Nilibeba jedwali ili nikamwonyeshe mhadhiri kosa. Mezani kwake nikaiona karatasi ya juu ya makala, ina jina moja tu.

"Mkalimani hawekwi kwenye makala, kijana," alisema bila kuinua macho. "Ndivyo ilivyo."

Nikarudi kwenye mashine nikalipiga chapa lile jedwali vizuri kabisa, kosa likiwa ndani yake.

Siku mbili kabla ya mkutano nilidandia lori la misheni hadi Kakuma nikamchukua mzee. Nilimwambia anakwenda kusikia akisemwa na wasomi, na tumbaku itakuwepo. Nilimketisha mstari wa mbele, juu ya kigoda chake.

Mhadhiri alisoma kwa madaha. Alisema wenye maboma watatu wasiohusiana walihama siku moja, kwa njia moja, hadi karibu na Nadapal, kule mpakani, na huo ulikuwa ushahidi wa mapatano ya siri kati ya wafugaji. Wageni waliandika mbio mbio. Wakati wa maswali nikasimama, nikamwomba kwa heshima awataje wazee hao.

Alitaja jina la kwanza. Mzee akainuka. "Ejok," alisema, yaani vema. "Hiyo ni mimi."

Alitaja la pili. "Hiyo pia ni mimi."

La tatu alilisoma kwa sauti ndogo, kwa kuwa alishaelewa, na mzee hakuwa amekaa bado. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nilimtazama mhadhiri akikusanya karatasi zake, na nakiri sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Mwaka uliofuata makala iliyosahihishwa ilichapishwa, na nakala moja ikanifikia Lodwar. Niliifungua nimesimama pale pale posta. Jina langu lilikuwamo, kamili, halikukosewa hata herufi moja. Lilikuwa chini ya ukurasa wa mwisho, mahali palipoelezwa kwamba dosari za jedwali la awali zilitokana na uzembe wa mkalimani.