Bote ya Kuume ya Mama Francine

Hakuna kilichomuudhi Papa Dusabimana kama kuambiwa gundi yake ni mbaya. Mtukane yeye mwenyewe, atacheka. Gundi, hapana! Miaka kumi na minane anaziba bote, viatu virefu vya mpira, kando ya barabara ya Mushaki, na wachungaji wa milima yote wanajua kiraka chake kinabaki hata bote yenyewe ikishakufa.

Sasa Mama Francine, muuza fromage, jibini ya milimani, akaja mara ya tatu ndani ya miezi miwili, bote mkononi.

"Papa Dusabimana, gundi yako iko bure! Angalia, imepasuka tena!"

Watu wakasogea, Mushaki haikosi watazamaji. Dusabimana akaigeuza bote, hasira zimempanda, kisha akaisogeza karibu na macho. Kiraka kilikuwa kizima. Ni mpira uliolika mbele yake, kwenye ncha tu, na mara zote tatu ni mguu wa kuume.

"Mama, unajikwaaka siku hizi?"

"Kila siku! Bantu ba kwaya banasema nalewa kasiksi."

Akamwaga majivu ya jiko lake chini, akamwambia avae bote, apite juu yake. Mguu wa kushoto uliacha nyayo safi. Wa kuume uliburuta mstari kila hatua. Watazamaji wakabisha kwamba kila mtu huburuta, wakapita na wao. Hata Papa Hubert, mlevi wa kweli, alipita: aliyumba kweli, lakini miguu yote miwili aliinua.

"Hii si gundi, Mama, na si kasiksi. Enda kwa munganga wa hospitali, Goma. Usikawie."



Wiki tatu baadaye Mama Francine alirudi na makaratasi. Sclérose en plaques, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hauponi, ila umeonekana mapema, na dawa inaweza kuuchelewesha.

"Gundi yako iko muzuri," akasema kwa sauti, soko zima lisikie.

Neno hilo Dusabimana alikuwa amelisubiri sana. Lilipofika, alilichukia.

Akachora mstari mweupe kwenye ncha ya bote mpya ya Mama Francine. "Kila mwezi ulete nione. Mstari ukifutika, unarudi kwa munganga mbio."

"Na bote isipoharibika, utakula nini?"

"Nitakula za bengine!"

Jumamosi iliyopita alivaa miwani, akapiga magoti mbele ya mguu wa Mama Francine, akaangalia mstari muda mrefu.

"Uko wote!" akapiga kelele. "Enda, Mama, sina kazi yako leo!"