Kenda ya Kujaa

Chaki ikiandika kwenye ubao uliolowa umande hutoa harufu ambayo darasani huipati: vumbi, na mvua kidogo ndani yake. Juzi fundi aliyekuja kurekebisha kabati langu aliandika vipimo vyake mlangoni asubuhi mapema. Nikajikuta nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi, nina miaka kumi na mmoja tena, niko kwetu Mutuini, nami nimefura kwa hasira kwa sababu nimeachwa nje ya hesabu ya dunia.

Msinicheke kwanza. Lawama zote mpeni mwalimu wetu wa darasa la tano, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Muhula ule, mwaka wa themanini na tisa, redio haikuimba kingine ila sensa, naye akaamua tuielewe. Alichora dunia sakafuni, akamimina debe la maharagwe. Bara Asia likapata lundo la kuzamisha kiatu. Ulaya ikapata lake. Afrika, kubwa vile, ikapewa konzi moja tu. Tulinung'unika sana, kana kwamba tulikuwa tumenyimwa chakula. Ndipo akachota konzi nyingine, na nyingine, akawa anaziangusha Afrika taratibu. "Hapa ndipo watu wanaongezeka mbio kuliko kwingine," akasema. "Mkiwa wazee, lundo hili mtalikanyaga nyinyi. Haba na haba hujaza kibaba." Kisha kuku wa jirani wakaingia mlangoni wakaila Amerika ya Kusini, na somo likaishia hapo.

Mimi nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Kulikuwa na haragwe langu katika lundo lile. Karani akija na kuliandika jina langu, nitakuwa nimeingia rasmi katika watu wote wa ulimwengu, sawa na Mchina yeyote.

Shida ilikuwa Shosho, nyanya yangu mzaa baba, mwenye boma na mwenye amri. Kwetu watu hawakuhesabiwa. Mbuzi hata wao walihesabiwa kwa jicho, kimya kimya. Lakini mtu kumnyooshea kidole ukisema mmoja, wawili, watatu, huko ni kumwonyesha mauti njia. Kwa hiyo wazee wetu walipofika kumi hawakuitaja. Walisema kenda ya kujaa, yaani tisa iliyofurika, na aliyekusudiwa kuelewa alielewa. Nasi tulikuwa kumi barabara: Shosho, Baba, Mama, Tata Wambui dada yake Baba, na watoto sita. Wa mwisho nilikuwa mimi, baada ya wavulana watano. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya yake, kwa hiyo mimi nilikuwa Njeri, na Shosho alikuwa Njeri. Baba mwenyewe aliniita "mama", na akinichapa aliomba radhi.

Karani alikuja watu wazima wakiwa kazini na kaka zangu wakiwa kisimani. Alikuwa mwalimu kijana kutoka pwani, Athumani, aliyehamishiwa huku kwa baridi, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Aliandika nambari mlangoni kwa chaki, kisha akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Mzuri sana," Shosho akajibu kwa furaha. Shikamoo haikuwahi kufika Mutuini.

Akamkalisha kwenye kigoda, mimi nikasimama nyuma ya bega lake nikiitazama ile karatasi kubwa. Athumani akauliza ni wangapi waliolala hapa usiku wa kuamkia leo.

"Hapa sisi ni kenda," Shosho akasema. "Kenda ya kujaa."

Kijana wa watu aliinua uso, macho yakamng'aa. "Mashallah! Kenda! Huku kila mtu husema tisa, tisa. Leo nimempata bibi wa bara anayesema Kiswahili cha nyanya zangu!" Na kwa mkono wa mtu aliyefurahi sana, akaandika tisa.

Maskini hakujua kuwa ile kenda haikuwa ya nyanya zake, ilikuwa ya lugha yetu, na ikijaa ni kumi. Shosho akamtajia majina. Alianza na Njeri, akamaliza na Njeri. Athumani alipofika Njeri wa pili alitabasamu kama mtu anayemsitiri mzee aliyesahau, hakuandika kitu. Kisha akayasoma majina yote kwa sauti. Mimi nilingoja langu. Njeri, miaka kama sabini, mjane. Baba. Mama. Tata. Kaka zangu watano. Akafunga jalada, akashukuru, akaenda zake.

"Shosho, hajaniandika!"

"Nyamaza. Wewe ndiyo ile kujaa."

Sikuwa nimewahi kumvunjia Shosho neno hata siku moja. Lakini niliona lile debe la maharagwe, nikaliona haragwe langu limebaki chini kwenye vumbi kwa kuku. Nikatoka mbio. Nilimkuta Athumani kwenye boma la pili akibishana na mbwa.

"Mwalimu, umekosea! Sisi ni kumi! Mimi pia ni Njeri!"

Hakunikaripia, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alirudi nami. Njiani nilianza kuogopa, maana nilikuwa nimeitaja ile kumi kwa mdomo wangu, hadharani, tena kwa mgeni.

"Bibi," akasema polepole, "huyu naye ni wa hapa?"

Shosho alinitazama, nikaangalia chini. Nilijua angeweza kusema huyu ni mtoto wa jirani, na mambo yangeisha.

"Huyo ni mimi," akasema. "Huyo ni Njeri."

"Njeri nimeshamwandika, bibi."

"Andika tena. Njeri ni wawili."

Athumani akafungua jalada, akaniandika. Shosho akasogea karibu naye. "Mlikuwa na ngapi hapo?"

"Tisa."

"Na sasa?"

"Kumi, bibi."

"Ati?"

"Kumi."

"Sema tena."

Alimfanya aseme mara nne. Mimi nilisimama kando nikimwonea huruma mgeni wetu kwa uziwi wa nyanya yangu. Alipoondoka, Shosho alinivuta, akanitemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, kisha akanituma kuni bila kusema zaidi. Siku hiyo nilipita njia nzima ya Mutuini kidevu juu.

Leo nafanya kazi mjini, Upper Hill, na kazi yenyewe, amini usiamini, ni majedwali ya watu: bara hili na bara lile, waliozaliwa, waliohama. Safu ya Afrika inarefuka kama mwalimu wangu alivyosema. Wageni huja ofisini wakaitazama kwa uso wa msiba. Mimi huwasikiliza kwa adabu. Najua shida ya shule na maji. Shamba la Shosho limegawanywa hadi kila kipande kina nyumba ya kupangisha. Lakini fahari yangu siifichi, kwa sababu mimi naijua tarakimu moja iliyomo humo ilivyopatikana.

Lililobaki nililijua miaka ya tisini, Shosho alipokuwa amefariki, nasi tunamenya viazi vya matanga. Tata Wambui ndiye aliyenieleza. Wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, miaka ya hamsini, walifungiwa katika kijiji cha uzio, na kila asubuhi walipangwa mstari, askari akahesabu watoto wa kila familia. Shosho aliingia na watoto saba. Asubuhi moja askari akasema sita. Baadaye akasema tano. Njaa na homa viliendelea na kazi yao, naye kila alfajiri alisimama pale akisikia nambari ya nyumba yake ikitajwa na mtu mwingine. Alitoka na wawili, Baba na Tata.

Kisu kilinikwama mkononi. Masikio ya Shosho hayakuwa na kasoro yoyote. Katika maisha yake yote, siku ile ya Athumani ndiyo pekee aliyohesabiwa na hesabu ikapanda.