Kata ya Bibi

Nikipita karibu na kilabu pale mtaa wa Soweto, mjini kwetu, na harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikanipiga, ulimi wangu hupanda wenyewe kupapasa kaakaa.

Hapo kwenye kaakaa ndipo bibi yangu alipoota uvimbe, mgumu kama punje ya kahawa. Mbege yake ilisifiwa Uru nzima. Kwetu aliyepika hunywa kwanza kwa kata ya kibuyu, wageni waone haina sumu, kisha kata hiyo moja huzunguka midomo yote. Daktari wa mjini alisema ni saratani ya tezi za mate, na kwamba haiambukizi. Watu walishika habari ya mate tu, ya kutoambukiza wakaiacha hukohuko hospitalini.

Siku ya ubatizo wa mdogo wangu, uani kulijaa wageni. Bibi alinywa, akajifuta kwa khanga, akampa kata baba mdogo, kitinda mimba wake. Yeye hakunywa. Aliimimina mbege yote chini ya mgomba, taratibu, watu wakitazama. Kuku wakakimbilia ulezi.

"Mama, kata hii usiiguse tena. Utatumaliza."

"Wewe nilikutafunia ndizi kwa kinywa hikihiki," bibi akasema.

Baba mdogo akacheka, na wageni wote wakacheka naye.

Bibi alipofariki tulimzika palepale mgombani. Baba mdogo aliijaza kata ileile, akaimimina juu ya udongo mbichi, taratibu, watu wakitazama.

"Kunywa, mama," akasema.