Mahadhi ya Bwana Abdulghafur

Katika mtaa wa Mkomani hakuwako mtu aliyeuchukia muziki kwa bidii kama Bwana Abdulghafur, mshona kofia. Wengine walichukia kwa kupitia tu: wakisikia kinanda hukunja uso, wakaendelea na safari zao. Yeye aliifanya chuki kuwa kazi. Kila alasiri alikaa barazani kwake na kofia gotini na sindano mkononi, na kila aliyemwamkia alirudishiwa salamu yake pamoja na onyo juu ya santuri, sinema za Kihindi na vijana wa siku hizi. Ulikuwa mwaka wa 1956, na vijana wa siku hizi walikuwa wengi kweli.

Haki ya kusema alikuwa nayo, kwa sababu ya sauti. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeongoza kasida katika msikiti mdogo wa mtaa wao, ambapo watu husoma Maulidi yao baada ya sala ya alasiri ili wasigongane na misikiti mikubwa. Kasida ya mwisho, ile ya kabla ya dua, aliisoma kwa mahadhi yake peke yake. Yalipanda polepole, yakakaa juu, kisha yakaanguka ghafla, kama mtu aliyekosa kipandio cha ngazi. Hapo wazee walilia. Mzee Bwanamkuu, msimamizi wa msikiti, aliyezika watoto watatu bila kutoa chozi mbele za watu, hapo alilia kila mwaka na kuomba kitambaa.

Watu waliuliza mahadhi yale yametoka wapi. Mwaka wa kwanza Abdulghafur alijibu, "Yamenijia tu." Mwaka wa tatu mgeni mmoja alisema yanafanana na ya Hadhramaut, naye hakumkatalia, maana si adabu kumkatalia mgeni. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa akisimulia mwenyewe jinsi marehemu babake alivyoyapokea kwa sharifu mmoja wa Tarim, huko huko Hadhramaut, siku ya mvua. Kufikia mwaka wa ishirini sharifu huyo alikuwa ameshapata jina, na mvua imekuwa ya mawe. Na tusimwonee: Abdulghafur hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe mara nyingi mno, hata akayasadiki.

Basi akatokea Jeilani. Alikuwa fundi wa kuchora milango, umri miaka ishirini na mbili, mwenye sauti ambayo hata Abdulghafur aliisikia vizuri ingawa hakupenda kuisikia. Mwezi mmoja kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kwenye hitima ya jirani, Jeilani alisoma kasida kwa mahadhi mapya, matamu, na vijana wakaitikia mpaka taa zikatikisika. Siku ya pili msafiri aliyetoka Mombasa alifafanua, bila kuulizwa, kwamba mahadhi yale ni ya sinema, na kwamba mwenye kuyaimba ni mwanamke anayezunguka mti.

Abdulghafur alipandwa na hasira iliyomfaa sana, kwa kuwa vijana walikuwa wamekwisha kuomba kwamba mwaka huu Jeilani ndiye aongoze Maulidi. Wazee wakasema watakaa Ijumaa baada ya sala, waamue. Habari ilikuwa hiyo tu: ama mshona kofia abaki na kiti chake cha miaka ishirini na sita, ama akae nyuma aitikie pamoja na wengine. Na mtu aliyezoea kuitikiwa, kuitikia kwake ni kufa nusu.

"Ijumaa nitakula yamini," alitangaza pale barazani. "Nitaweka mkono yuu ya Msahafu, niape kuwa mahadhi yangu hayayapata kupita kwenye santuri. Na kila mwenye sahani za santuri mtaa huu, na azivunde!"

Jeilani alikuwa amesimama hapo na patasi zake kwapani. Alisema kwa adabu, na adabu ndiyo iliyouma: "Naam, bwana. Na zako je? Nyanya yangu asema ulikuwa nazo kasha zima."

Lilikuwa jambo la kweli, na waliokuwa na umri walilijua. Abdulghafur alipokuwa kijana alifanya kazi miaka miwili Mombasa, katika duka la nguo, akarudi kwao Amu na kinanda cha kuzungusha kwa mkono na sahani thelathini na moja. Alipooa alikuja nacho mpaka nyumbani kwa mke. Mwaka uliofuata babake akafa, msikiti ukamhitaji mrithi wa kusoma, na Mzee Bwanamkuu akamwambia mambo mawili hayakai nyumba moja. Akakitia kinanda na sahani ndani ya kasha, akafunga, akatia nia ya kusahau. Akafaulu kuliko alivyotarajia.

"Zangu zitakuwa za kwanza," alisema, na akamwangalia Jeilani mpaka kijana akaondoka.

Alhamisi asubuhi mkewe, Bi Kulthum, alitoka kwenda kwa dadake Rahima, ambaye nyumba yake inapakana na msikiti. Abdulghafur akaingia chumba cha ndani, akavuta kasha kutoka chini ya kitanda, akapulizia vumbi na kulifungua. Nyundo alikuwa nayo mkononi. Zile sahani zilikuwa zimelala katika karatasi zake, nyeusi, safi, hazina habari ya kesi. Alichukua ya kwanza akaiweka sakafuni. Kisha akaona si haki kuvunja kitu usichokijua. Hakimu naye husikiliza kwanza. Basi akatoa kinanda, akauzungusha mkono wake wa chuma, akatia sindano.

Ya kwanza ilikuwa ya watu wawili wanaogombana juu ya punda. Alikuwa ameisahau kabisa. Alicheka kwa sauti, akashtuka kujisikia anacheka, akafunga dirisha. Ya pili ilikuwa ya udi mtupu, na ilipokwisha alikuta goti lake limekuwa likienda peke yake. Akaliwekea mkono. Alifurahi, ndiyo hali halisi, na furaha ile ilimwaibisha na aibu haikuipunguza hata kidogo. Akaweka ya tatu, ya nne. Nyundo ikasukumwa pembeni ili isimzuie kunyoosha mguu.

Ya tano ilikuwa na karatasi nyekundu katikati na maandishi ya Kihindi. Mwanamke akaanza kuimba. Maneno Abdulghafur hakuyajua, wala hakuwa ameyajua hata siku aliyoinunua. Lakini sauti ilipanda polepole, ikakaa juu, kisha ikaanguka ghafla.

Alinyanyua sindano, akairudisha mwanzo. Yalikuwa mahadhi yake yale yale. Yote, tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na kile kikwikwi kidogo kabla ya kuanguka, ambacho miaka yote aliamini ni unyenyekevu wa moyo wake mwenyewe. Kilikuwa cha yule mwanamke. Sharifu wa Tarim akaondoka pamoja na mvua yake ya mawe, na Abdulghafur akabaki ameketi sakafuni. Aliona vizuri mambo mawili: kwamba Jeilani amesoma mahadhi ya mwanamke wa Kihindi mara moja, na kwamba yeye ameyasoma mara ishirini na sita.

"Alaa," ilisema sauti mlangoni. "Leo meitoa."

Bi Kulthum alikuwa amerudi mapema, buibui bado liko kichwani. Hakushangaa kuona kinanda. Alikuwa akitabasamu, tena tabasamu la aina ambayo Abdulghafur hakuwa ameiona siku nyingi.

"Kulthum, waiyua hii?"

"Nisiiyue? Siku saba za fungate hukuwa na kazi ila kuzungusha mkono wa kinanda na kunitilia hii hii. Mamangu nde akiona haya kwa mayirani." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Halafu ukafunga kasha, watu wakasema mekuwa mtu wa dini. Mimi nikanyamaa, lakini moyo uliniuma. Nikasema, basi, yamekwisha. Ukaya Mfungo Sita, nami nimekaa dirishani kwa Rahima kusikiliza Maulidi. Nikakusikia."

Sahani ilikuwa imekwisha na sindano inakwaruza.

"Nikasema, hoyu mume ni hodari! Yuwanisalimu mbele ya msikiti mzima, na hapana ayuaye ila miye na yeye." Akacheka, akajifuta mato kwa ncha ya buibui. "Miaka ishirini na sita. Hata mwaka ule tuliomzika Tima, mwana wetu, nilipokuwa siwezi kula wala kunena, nilikwenda dirishani kungojea salamu yangu. Na hukuniwata, Abdulghafur. Ndiyo iliyoniinua."

Mtu angeweza kumwambia hapo: Kulthum, nilisahau. Sikuwa nakusalimu. Nilikuwa nadhani ni ya babangu. Lakini mtu huyo angekuwa na moyo wa jiwe, na Abdulghafur, pamoja na ukali wake wote wa barazani, alikuwa na moyo wa kawaida. Alimtazama mkewe aliyekuwa ameishi kwa salamu ambazo hakuna aliyezituma.

"Naam," alisema. Akairudisha sahani katika karatasi yake, taratibu, na nyundo akaiweka mahali pake jikoni.

Ijumaa wazee walikaa kwenye varanda ya msikiti, Jeilani upande mmoja, Abdulghafur upande wa pili, Msahafu juu ya marufaa katikati. Abdulghafur hakuwa amepata usingizi wa maana. Kuapa uongo hakuweza, kwa kuwa alimwogopa Mungu kweli, si kwa baraza tu. Kiti alikitaka kama anavyotaka pumzi. Alipiga moyo konde, akasimama.

"Sitaapa," alisema. "Mahadhi yangu yalitoka kwenye santuri. Ni ya mwanamke wa Kihindi. Nimeyakumbuka yana, Alhamisi. Mwateni kijana asome."

Mzee Bwanamkuu akapiga goti lake kwa kiganja.

"Sikizani tawadhui, unyenyekevu wa kweli!" alisema, sauti ikimtetemeka. "Mmemuona? Kumsitiri kijana asiaibike, ameichafua heshima yakwe mwenyewe na ya babake!"

"Bwanamkuu, hapana tawadhui hapa. Sahani ninayo. Naweza kuileta muisikie."

"Kuleta santuri msikitini? Astaghfirullah! Keti." Mzee akamgeukia kila mtu kwa zamu. "Mimi nimelia kwa mahadhi haya miaka ishirini na sita. Mwataka kunambia mato yangu haya yalitoa matozi kwa ajili ya kinanda?"

Hakuna aliyetaka kumwambia hivyo. Abdulghafur alijaribu tena, na kila alivyozidi kukiri ndivyo walivyozidi kumtukuza, mpaka mzee mmoja wa kando akaanza kujifuta pua. Hukumu ikatoka: Abdulghafur aongoze Maulidi maisha yake yote, na kasida ya mwisho isisomwe kwa mahadhi mengine yoyote. Jeilani mwenyewe alikuja kumbusu mkono. Aliomba afundishwe mahadhi yale matukufu, ili akiondoka mzee yasipotee. Abdulghafur aliutazama uso wa kijana, akitafuta kejeli, angalau kidogo tu, imfariji. Haikuwamo.

Kwa hiyo kiti alikipata, na kikamkaa vibaya. Lakini kadiri Mfungo Sita ulivyokaribia alianza kuwaza jambo jingine, nalo lilimpa furaha ya siri. Amekwisha kumdanganya Kulthum kwa neno moja. Deni la neno lile angelilipa kwa kuligeuza kuwa kweli. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, angemsalimu. Alimwomba Mungu msamaha mapema, akaeleza kwamba kasida yenyewe ni ya Mtume, sala na salamu zimshukie, na kwamba ya Kulthum ni pindo tu.

Siku ikafika. Alasiri ile msikiti ulijaa mpaka ngazini. Ilipokuja kasida ya mwisho Abdulghafur alisimama, na badala ya kufumba macho kama desturi yake aliyatupa kwenye ukuta wa nyumba ya Rahima, kwenye dirisha lenye pazia la kijani. Akaanza. Alimwona Kulthum bibi arusi, mikono ina hina, akicheka kila sahani ikikwaruza. Alimwona amekaa pale mwaka wa Tima. Kila sauti aliipeleka kule kwa uangalifu, moja moja, kama mtu anayepitisha vikombe vya kioo juu ya ukuta kwa jirani. Alipofika juu, penye kikwikwi, alisita, na sauti ikaanguka ikiwa imechelewa kidogo. Mzee Bwanamkuu alikuwa ameshaomba kitambaa kabla ya hapo.

Alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wake. Kulthum alikuwa amefika, buibui limetundikwa, kahawa inaandaliwa. Alimmiminia kikombe, akakaa mbali kidogo.

"Mesikia?" aliuliza Abdulghafur.

"Nimesikia. Sauti ilikuwa njema."

"Lakini?"

Kulthum alikuna kidoa kisichokuwako kwenye sinia. "Lakini leo hukuwako. Kila mwaka ulikuwa wasoma kwa raha, huna wasiwasi, nami nikiyua salamu yangu imo. Leo ulikuwa kama mtu aliyelazimishwa. Nimesikiliza hata dua ikaisha, sikuisikia." Akanyanyua macho, yamejaa maji. "Ikiwa mechoka nami, ungalinambia siku ile ulipoitoa sahani. Mimi ni mtu mzima, ningalisikia."

Ili Abdulghafur amweleze kwamba hii ndiyo salamu ya kwanza, ingembidi aeleze zile nyingine ishirini na sita zilikuwa nini. Alinyanyua kikombe, akanywa kahawa ingali ya moto.